Chupa ya Divai na Muhuri wa Parokia

Jumatatu, 18 Septemba 1995
Asubuhi: mawingu mepesi, upepo wa ziwani, mvua hakuna. Jumamosi Mama anatimiza miaka sabini, kwa mujibu wa cheti chake cha ubatizo. Anaishi kwa dada yangu Selina, Ilemela. Siku hiyo atakula kwangu Igogo, kisha atasema kama anahamia kwangu au anabaki huko. Chumba chake nimeshakipaka chokaa. Mara mbili! Selina ataleta kreti la soda. Soda! Mimi nimenunua divai nzuri ya Afrika Kusini, chupa nzima. Siku hizi madukani hakikosekani kitu. Antoni mwenye duka anasema divai nzuri hulazwa ubavu. Nimeilaza kitandani kwangu. Mimi nitalala mkekani.

Jumanne, 19 Septemba
Antoni amenifundisha: mstaarabu huizungusha divai kwenye glasi, huinusa, ndipo hunywa. Nimefanya mazoezi kwa chai ya rangi. Mara ya nne nimeunguza pua. Maendeleo ni mazuri.

Jumatano, 20 Septemba
Nimekwenda Ilemela kumdokezea Mama. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akafurahi. Nikataja divai. Akaniuliza nimeiiba kwenye sakristia ya parokia gani. Kule Ukerewe amefua vitambaa vya altare miaka thelathini. Divai anayoijua ni ya misa tu, na haijawahi kutoka dukani. Nikamwonyesha risiti. Akasema hata mwizi anaweza kuwa na kalamu. Selina akacheka mpaka akashika ukuta: "Kaka Revo, Padri atakuja na polisi!" Mama akakata shauri. Hatalala kwenye nyumba yenye mali ya kanisa, mpaka Padri mwenyewe aseme. Chumba changu! Chokaa mara mbili!

Alhamisi, 21 Septemba
Nimeipeleka chupa parokiani ndani ya kikapu, chini ya mchicha. Padri Chenge akasema hawezi kushuhudia kitu asichokijua. Akaleta kizibuo. Akaonja. Akasema bado hana uhakika. Akaonja tena. Uhakika ulipofika, chupa ilikuwa nusu. Nimeiziba kwa gunzi la muhindi. Lakini barua ninayo, na muhuri juu yake: divai hii ni ya dukani, mama mzazi anaruhusiwa. Ushindi!

Jumamosi, 23 Septemba
Jua kali. Mama amefika na Selina, na soda zake. Nikamsomea barua. Akataka kuugusa muhuri. Akaugusa, akaketi. Nikamimina, nikazungusha glasi, nikanusa. Kosa! Kwetu mwenye pombe huonja kwanza mbele ya wageni, bila kusita, waone haina kitu. Mama akauliza, kama mwenyewe ninaishuku, yeye ninampa ya nini. Selina akavuta kiti chake nyuma. Nikanywa glasi nzima kwa pumzi moja. Nikakohoa. Wakasubiri, Mama akisali rozari. Makumi mawili. Sikufa.

Ndipo akanywa. Akafumba macho. Akasema ni kali kidogo, lakini inamkumbusha pombe ya ndizi aliyoileta marehemu Baba alipokwenda kumposa. Nusu ilimwagika mtumbwini, Baba akaongeza maji ya ziwa, wakwe wakakaa kimya kwa heshima. Tukacheka mpaka machozi. Tangu mazishi sikuwa nimemsikia Mama akimtaja Baba. Akampa Selina glasi, Selina akanipa mimi, ikarudi kwake. Glasi moja, watu watatu, mpaka tone la mwisho. Kisha akaagiza mzigo wake uletwe kesho kutoka Ilemela. Atakaa kwangu mpaka Noeli, aone. Selina alinuna kidogo, halafu akaninong'oneza nijiandae, Mama anakoroma.

Nilichojifunza wiki hii: kunusa kunasaidia sana. Antoni anasema ipo divai nyingine yenye povu, kizibo chake hufyatuka kama risasi na kugonga dari. Nimeagiza moja ya Noeli. Mama sitamwambia. Nataka ashtuke!

Ameingia chumbani kwake, lakini aliendelea kunisimulia kupitia mlangoni, ya mtumbwi na ya wakwe. Amepata usingizi saa kumi na dakika ishirini jioni.