Sindano, Shaba na Mchi wa Mama Mkwe

Jumatatu, 8 Septemba

Sandrine ameona atomi. Kasema mwenyewe, chumba cha walimu, akitafuna andazi. Shaba ikitua juu ya dhahabu, ndani ya maji ya asidi! Mkaguzi Manase anakuja keshokutwa. Kati yangu na Sandrine, mwenye picha bora atakabidhiwa ufunguo wa maabara. Nimefundisha kemia hapa Gitega tangu Sandrine akiwa mwanafunzi wangu. Siombi ufunguo kwake.

Jumanne, 9 Septemba

Hadubini yetu ina udhaifu. Sindano yake haigusi dhahabu, inaelea juu yake kwa nafasi ndogo kuliko unywele uliopasuliwa mara laki moja. Kohoa tu, picha inatetemeka. Ehe! Nimewaambia kina mama wa mtaa wa Yoba kwamba ua nyuma ya maabara una kivuli kizuri cha kutwangia sombe, majani yao ya muhogo. Wamenishukuru. Mimi ni mtu mwema.

Jumatano, 10 Septemba

Michi sita. Sandrine hakulalamika. Alingoja kina mama waketi kupumzika, akapata picha: ukingo wa shaba ukisogea mstari kwa mstari, kama mkeka unaosukwa. Ikaja zamu yangu. Michi ikarudi! Nikatoka kuwafukuza. Katikati yao, mchi hewani: Mama Josefina, mama mkwe wangu, mgeni wetu tangu mtoto azaliwe. Nani humfukuza mama mkwe? Nikasema pole na kazi, mama. Akajibu hapa iko pazuri, atakuja kila siku. Sindano ikajikita kwenye dhahabu. Manase kanipa hadi Ijumaa.

Alhamisi, 11 Septemba

Akili! Nyumba ya mama mkwe kule Buhinyuza, Muyinga, iko tupu. Nimefika, hadubini mapajani. Sindano mpya nimeipaka rangi ya kucha ya mke wangu, ncha tu ikabaki wazi, ili umeme usivujie kwenye asidi. Nimetundika chombo kwa mipira ya baiskeli. Kimya. Hata mbuzi wanaheshimu sayansi.

Ijumaa, 12 Septemba

Mama Josefina ameshuka garini na kinu chake. Eti mkwe akishinda njaa nyumbani kwake, watu watamcheka. "We fanya mashini yako, mwanangu, mi natwanga polepole." Polepole! Picha imejaa mawimbi, yamepangana kama mistari ya daftari. Nimeitazama mpaka nikaelewa. Ugunduzi! Shaba hutembea kwa mawimbi! Nimemtumia Manase.

Sombe ilikuwa tamu.

Jumamosi, 13 Septemba

Manase alimwonyesha Sandrine picha yangu. Sandrine akayapima mawimbi, akaniuliza mbele ya walimu wote: "Dis donc, hebu niambie, Mwalimu Cirhuza, jana mulikula sombe?" Wakacheka hadi chai ikamwagika. Ufunguo anao yeye, kwa muda. Manase atatupima mara ya mwisho Jumatatu, tarehe 22. Sandrine asubuhi, mimi mchana.

Nimeshaongea na wapiga ngoma wafanyie mazoezi ua wa nyuma siku hiyo. Kiongozi wao, Barnabé, kanionya kwamba wakianza hawaachi hadi jioni. Nimemwambia haidhuru. Wanaanza saa mbili asubuhi.