Bango Linalotoka Ukutani

Jumatatu, 3 Machi

Mkutano wa kwaya. Habari mbaya. Mwaka jana kwenye tamasha letu viti vilikuwa vingi kuliko watu, na meneja wa ukumbi hajasahau. Ametuma salamu: tamasha la Jumamosi ya wiki ijayo lisipojaza ukumbi, siku zetu za mazoezi anawapa watu wa karate. Mwalimu wa kwaya alitueleza hayo huku akifuta miwani. Hufuta miwani akitaka kulia.

Likaja suala la bango. Filimbi akanyoosha mkono kabla hajaulizwa. Filimbi ni yule bwana mwenye sauti nyembamba anayepewa ubeti wa kuimba peke yake kila mwaka. Pia ana kompyuta. Bango lake ni lile lile siku zote: jua linazama, njiwa wanaruka, Filimbi yuko mbele anachekelea. Sisi wengine tuko nyuma, wadogo kama punje za mchele. Mimi nimetokea sikio tu.

Nikasimama. Mdomo ulitangulia, akili ikabaki kwenye kiti. Nikatangaza kwamba mwaka huu nitatengeneza bango linalotoka ukutani! Herufi za karatasi zilizonona, zenye kifua na mgongo! Waimbaji wa karatasi unaoweza kuwashika pua!

Kisha mtu akapiga makofi. Hakuwa mke wangu, ingawa alikuwa amekaa palepale na kina mama wa sauti ya pili. Mwalimu akasema haya, nijaribu.

Mpango wangu wa kweli nauandika hapa tu. Mwimbaji wa mbele kwenye bango atakuwa mimi. Mtaa mzima ukishaniona pale, utanitarajia jukwaani. Mwalimu atafanya nini? Ubeti atanipa mimi. Filimbi atapumzika, maskini. Amechoka.

Tatizo dogo: sijawahi kutengeneza kitu chochote kwa karatasi. Lakini mimi ni karani wa bohari ya viatu. Miaka yote hii nimeishi na maboksi. Lazima kuna kitu kimeniingia.

Jumanne, 4 Machi

Nimenunua karatasi za manila, nyekundu na njano. Maneno nimeshachagua: NJOONI TUIMBE. Mafupi, matamu.

Herufi moja inahitaji uso wa mbele, uso wa nyuma, na mkanda wa kuzunguka ubavuni. Mkanda unaukunja kila penye kona, unagandisha, basi. Kazi ya mtoto. Nikaanza na N. Nikakata nyuso mbili zinazofanana kabisa, nikaziegemeza mgongo kwa mgongo. Hazikulingana! Mshazari wa moja ulikwenda huku, wa nyingine kule, kama mume na mke waliolala wamenuniana. Nikakata tena. Vilevile. Nikaanza kuishuku rula.

Mama mkwe, aliyekuja kututembelea na bado anatutembelea, alikuwa kwenye kochi lake. (Lilikuwa langu.) Akauliza kwa upole, baba, huo wa nyuma si uukate kinyume? Nikamjibu kwamba ndiyo kwanza nilikuwa nafika hapo.

T, O, U, I na M hazina usumbufu huo. Herufi za kistaarabu.

Jioni mke wangu akaona ninakata karatasi kwa mkasi gani. Yeye ni fundi cherehani. Mkasi ule ni wa kitambaa peke yake, karatasi huufanya butu, na kila mtu nyumbani anajua isipokuwa mimi, ambaye pia najua. Alisema mambo mengi. Nimehamia kwenye wembe.

Alhamisi, 6 Machi

Gundi ya dukani imekwisha na nimefika herufi ya tano tu. Nikapika gundi mwenyewe: unga wa ngano, maji, koroga mpaka iwe nzito. Ikatoka safi, nyeupe, laini. Nikaiacha sufuriani ipoe, nikaenda kazini.

Nimerudi nikakuta mama mkwe na bakuli. Amesema uji wangu haukuwa mbaya ila nilisahau sukari, kwa hiyo ameongeza mwenyewe, vijiko kadhaa, sufuria nzima. Na mtu mwingine angetia ndimu.

Nifanyeje? Kumwambia mama mkwe kwamba amekunywa gundi? Nikamshukuru. Akaniambia kwa mara ya kwanza naanza kufaa.

Sukari haiwezi kudhuru gundi. Pengine inaongeza kunata. Nimemalizia herufi zote. M nimeigandisha mwisho, kwa ile nzito ya chini kabisa ya sufuria. M ndiyo imara kuliko zote.

Jumamosi, 8 Machi

Sanamu! Nimekunja magazeti makavu kuwa mabonge, nikayafunga kwa uzi, nikayavisha vipande vya karatasi vilivyolowa gundi, tabaka juu ya tabaka. Waimbaji watatu. Wawili wa nyuma ni vichwa tu. Wa mbele ana mabega, mikono iliyofunguliwa, na mdomo uliopanuka kwa noti ya mwisho.

Mke wangu alipita na kikombe cha chai. Akauliza kiboko huyo wa nini.

Nikamweleza kwa utulivu kwamba huyo ni mwimbaji. Akamwita mama yake. Mama mkwe akamzunguka, akasema kiboko kweli, tena mzuri, ila mbona ana mikono.

Nimempunguza mashavu. Akawa kiboko mgonjwa. Nikamrudishia.

Alasiri Filimbi akaja eti kunisalimia. Hajawahi kunisalimia. Alikuja kupeleleza! Akamtazama mwimbaji wangu, akanishika bega, akasema ananiombea. Halafu akauliza kama huyo ni mwalimu wa kwaya.

Alipoondoka nikamvisha sanamu tai nyekundu ya karatasi, kama yangu ya kazini. Sasa hakuna atakayekosea.

Jumanne, 11 Machi

Bango lilihitaji ubao wa kulibeba. Mpana, mwepesi, mnyoofu. Ubao wa namna hiyo nyumbani ni mmoja tu: mgongo wa kabati la nguo la mke wangu. Kabati limeegemea ukuta. Nani huangalia mgongo wa kabati? Nikaubandua akiwa sokoni, nikalisukuma kabati mahali pake. Nikapanga herufi, nikaandika siku na saa chini yake, nikasimamisha waimbaji, nikagandisha kila kitu. Nilipomaliza nikarudi nyuma hatua chache kutazama, nikasahau kupumua. Lilikuwa zuri! Mimi ndiye niliyelitengeneza!

Likagoma kupita mlangoni. Kwa urefu, hapana. Kwa upana, hapana. Kwa mshazari, tai ilinasa kwenye kitasa. Ikabidi dirishani. Mama mkwe akashika uongozi kutoka kwenye kochi: inua, shusha, hapo hapo, baba unaua herufi! Jirani wa kulia akapokea upande wa nje. Jirani wa kushoto akaja kuuliza tunahama lini.

Wakati huohuo mke wangu akarudi, akafungua kabati, akasukuma nguo pembeni, akajikuta anatazama ukuta.

Sitaandika alichosema. Nitaandika tu kwamba baada ya kukisema alishika kona ya bango na kusaidia kubeba, kwa sababu, alisema, afadhali kabati lake lionekane limekufa kwa kazi ya maana.

Tulilibeba kwa miguu hadi ukumbini. Njiani watu wakawa wanasoma kwa sauti: njooni tuimbe! Kinyozi akatoka na mteja wake mwenye povu kidevuni. Mtu akaanzisha wimbo, na wengine wakaitikia. Tulipolitundika ukutani nje ya ukumbi, jua la jioni likalipiga kutoka ubavuni, na kila herufi ikatupa kivuli kirefu. Maneno yakawa mara mbili, mekundu na meusi, na midomo ya waimbaji ikajaa giza kama iliyojaa sauti. Mwalimu akafuta miwani. Hata Filimbi alisema, hapana, hili ni bango.

Nimelala na tai yangu halisi. Ubeti ni wangu.

Alhamisi, 13 Machi

Janga! Fedheha! Nimeharibikiwa!

Mlinzi wa ukumbi alifika asubuhi akakuta sisimizi wamepanga mstari kutoka kwenye mtaro hadi kwenye herufi M. Jeshi zima. Akawapiga kwa fagio. Sisimizi wakaanguka. M nayo ikaanguka. Mlinzi ni mtu wa usafi, si mtu wa kusoma. Akafagia, akaondoka.

Kwa hiyo tangu asubuhi mtaa mzima umekuwa ukisoma: NJOONI TUIBE. Na chini yake: Jumamosi, saa kumi jioni. Wote mnakaribishwa. Njooni na watoto.

Nilipofika nilimkuta sajenti wa polisi amesimama mbele ya bango, mikono nyuma. Mwalimu alikuwa pembeni akifuta miwani kwa nguvu ya kutoboa kioo. Filimbi alikuwepo. Nusu ya kwaya ilikuwepo.

Sajenti akauliza nani kiongozi wa kikundi hiki. Mwalimu akajieleza: ni kwaya, afande, tunaimba tu, kuna herufi imeanguka. Sajenti akasema wote husema hivyo. Kisha akanyoosha kidole kwa sanamu ya mbele.

"Na huyu kiboko mwenye tai ni nani?"

Wote, kwa pamoja, kama walivyofundishwa kuingia kwenye kibwagizo, wakanigeukia.

"Ni huyu!"

Wiki nzima hakuna aliyenitambua! Wiki nzima!

Sajenti alinitazama, akaitazama sanamu, akanitazama tena. Akasema kweli tumefanana. Nikaonywa kwa mdomo. M nimeikuta baadaye inazuia mlango wa choo usijifunge.

Mwalimu hajanipa ubeti. Amenipa kazi ya kusimama mlangoni siku ya tamasha na kuonyesha watu viti. Kama watakuwepo watu.

Ijumaa, 14 Machi

Nimetoka kazini mapema na kwenda ukumbini na M, gundi ya dukani na ngazi. Sikuweza kulifikia bango. Watu! Wanapiga picha. Mabinti wawili walikuwa wamesimama chini ya mdomo wangu wakipanua yao. Nikapanda ngazi. Wakazomea! Mwenye duka la simu akasema nikigusa tu, tutakosana. Shangazi yake yuko mbali kabisa na ameshaipata picha, anauliza wanaiba nini.

Meneja wa ukumbi akatoka. Nikajiandaa kwa matusi. Akasema simu yake haijanyamaza tangu jana, watu wanataka kujua kama nafasi zipo. Akaniambia nishuke na niiache herufi yangu nyumbani.

Nikashuka. Taratibu. Kama mtu aliyepanga yote.

Jumamosi, 15 Machi

Nitaandika haraka kabla furaha haijapoa.

Ukumbi ulijaa! Viti vikaisha. Watu wa karate walikuja kuangalia urithi wao, wakaishia kubeba mabenchi kutoka nje. Sajenti alikuja bila sare, na mkewe na watoto wake, akakaa mstari wa mbele, akamwambia mwalimu kwamba leo wasiibe kitu mpaka amalize soda.

Nikawa mlangoni, mtiifu, naonyesha viti. Kwaya ikaimba. Watu walikuja kucheka, lakini kufikia wimbo wa tatu walikuwa wanaitikia kwa vichwa, kisha kwa miguu. Ikafika zamu ya ubeti wa peke yake. Filimbi akasogea mbele, akajisafisha koo. Mtu nyuma akapaza sauti: tunamtaka Kiboko! Mwingine akadakia. Ukumbi mzima! Kiboko! Kiboko! Watoto wa sajenti ndio waliozidi.

Mwalimu akanitazama kutoka mbali. Akavua miwani, akaiweka mfukoni kabisa, akaniita kwa kidole.

Sikumbuki nilivyofika jukwaani. Nakumbuka nilianza chini sana. Mstari wa pili ukateremka zaidi, na wa tatu ulihitaji sauti ambayo labda ng'ombe anayo. Nikakwama. Mdomo wazi, hakuna kinachotoka, kama sanamu yangu kabisa. Hapo ndipo Filimbi, nyuma yangu, akaudaka wimbo juu, mwembamba, safi, akaushikilia mpaka nikapata pa kukanyaga. Nikaingia chini yake. Tukaenda hivyo hadi mwisho, yeye juu mimi chini, na ilipendeza! Haijawahi kupendeza vile!

Makofi hayakutaka kuisha. Mama mkwe alipanda juu ya kiti. Mke wangu alikuwa anafuta machozi, anasema ni ya kucheka, na mimi nimekubali. Filimbi alinishika mkono, tukainama pamoja, na hakunikanyaga hata kidogo. Meneja ametuachia siku zetu za mazoezi. Watu wa karate wanauliza kama kwaya inapokea wanachama.

Jumatatu, 17 Machi

Nimetafakari kwa kina, kama inavyompasa msanii.

Kwanza, nimemwambia kila mtu bohari nzima kwamba kuanguka kwa M kulikuwa mpango wangu tangu mwanzo. Wengi wameamini. Waliobaki wataamini. Pili, wananiita Kiboko hadi dukani, na kila mtu anajua vijana wakimwita mtu kiboko wana maana hana mpinzani. Tatu, kuhusu Filimbi: ni mtu mzuri, lakini ameona mwenyewe watu wanamtaka nani. Mwakani asimame nyuma tangu mwanzo, asisubiri nikwame.

Na habari kubwa! Daktari wa meno wa mtaa wa pili alikuwepo Jumamosi. Leo amenisimamisha njiani. Anataka bango kwa ajili ya kliniki yake, kitu kidogo, cha heshima, cha kumkumbusha mgonjwa kusugua meno. Nimemwambia aniachie.

Nitamtengenezea kinywa. Kinywa kikubwa kuliko mlango wake, meno ya karatasi moja moja, ulimi unaoning'inia hadi kwenye benchi la wagonjwa. Na kitafunguka na kujifunga chenyewe! Hajui bado. Nataka ashtuke.

Kufunguka na kujifunga kunahitaji mota. Mota nyumbani ipo moja, kwenye feni ya chumbani. Nimeshaifungua. Skrubu zilizobaki nimezificha ndani ya kiatu.

Mke wangu ameuliza feni iko wapi. Nimemwambia naona siku hizi kumeanza kupoa.