Bodi Mpya ya Gari la Mzee Sadallah

Jumatatu, 1 Desemba. Newala.
Balaa! Na nimejitakia mwenyewe. Mzee Sadallah, tajiri wetu, ametangaza kwamba msimu wa korosho ukiisha atabakiza karani mmoja tu: mimi au Mujibu. Papo hapo akauliza nani anajua kuchora gari. Ghalani kwake limelala gari la kifahari la Kiingereza, la enzi za mradi wa karanga. Injini nzima. Bodi imeliwa na kutu. Imebaki chesi, boneti na taa mbili zinazokodoa kama bundi. Mjukuu wake Mrisho anatoka jandoni wiki ijayo, na Mzee anataka atembezwe mjini ndani yake.

Mujibu akadakia kwamba Kaka Erasto ndiye msomi, aulizwe yeye. Alitaka nikane niaibike. Nikasema nimesomea. Nimesomea utunzaji wa kumbukumbu!

Jumanne, 2 Desemba.
Nimechora. Paa refu, madirisha madogo, mapazia ndani. Kwetu Bukoba mtu mkubwa haonekani ovyo. Matao ya magurudumu nimezungushia kisahani cha chai. Mzee ameutazama mchoro kichwa chini, akasema ni kazi ya maana. Sikumgeuzia. Nimepona!

Ijumaa, 5 Desemba. Masasi.
Fundi Apolinari, mchomeleaji tuliyemletea gari, ameusoma mchoro kwa muda mrefu mno. Kisha akauliza, kwa adabu, abiria anaingilia wapi. Milango! Sikuchora hata mmoja. Nikamjibu kwa sauti nzito kwamba milango huwa tunawaachia mafundi. Akasema sawa, mwalimu. Mtu mwema sana. Nilikwenda nyuma ya karakana kufuta jasho.

Alhamisi, 11 Desemba. Newala.
Gari limepanda mlima bila kuzimika. Jeusi, linang'aa. Mujibu aliendesha, mimi nyuma kama waziri, ingawa sikuona kitu.

Tulipofika, akatoka Bi Mwanakombo, mama mzazi wa Mzee. Nikamwamkia shikamoo. Akanipita. Akalizunguka gari zima, kisha akauliza maiti ni ya nani. Nikacheka kidogo. Hakuwa anatania. Akasema kitukuu wake hapandi jeneza. Mwali wa jando anatoka ili watu wamwone, wamtuze, wamrushie khanga; huyu atatuzwa kupitia tundu gani? Na huyo karani, kwao hawazai watoto wa kiume?

Mujibu alicheka mpaka akakaa chini. Mzee hakucheka. Ameniambia kesho jioni gari liwe la sherehe, la sivyo nianze kuulizia nauli ya Bukoba. Bukoba! Ni kuvuka nchi nzima hiyo!

Ijumaa, 12 Desemba.
Mpango wa kwanza: kubandika picha kubwa ya Mrisho mlangoni, watu waituze picha. Mzee akauliza kama picha ndiyo iliyotoka jandoni. Nikautupa.

Mpango wa pili: kumsingizia fundi. Nikampigia Apolinari nimlaumu. Kabla sijaanza akasema yuko njiani na vifaa, maana alijua tu. Nikamshukuru. Sijui kwa nini.

Tukasimama tunaliangalia gari. Mujibu akaja, mtamu kama asali, akanishauri nikate paa lote. Nilimwona machoni: ananichimbia kaburi. Lakini sikuwa na wazo lingine. Nikafumba macho, nikamwambia fundi akate. Mlio ule! Kama anakatwa jamaa yangu.

Jumamosi, 13 Desemba.
Afueni! Afueni!

Mrisho alisimama katikati ya gari, suti nyeupe, miwani myeusi, mwavuli juu. Mji mzima ulimwona. Khanga zilimiminika hadi dereva akawa haoni njia. Bi Mwanakombo alicheza mbele ya boneti, wanawake wakimpigia vigelegele. Nikajaribu tena shikamoo yangu. Akaitikia marahaba, mwanangu! Nusura nilie.

Mzee akawaeleza wageni kwamba paa lilichorwa makusudi liondoke. Mujibu akasema wazo lilikuwa lake. Mzee akamuuliza na yeye alisomea wapi. Mimi ndiye karani ninayebaki. Mujibu naye hatupwi: atakuwa dereva wa lile gari. Gari langu, kwa namna fulani.

Nimekula pilau sahani mbili.

Jumapili, 14 Desemba.
Ndugu yake Mzee, Mzee Suleimani wa Kitangari, amenijia asubuhi. Ameliona gari. Kwao maji ni shida, wanataka kujenga tangi kubwa la kukingia mvua, la kijiji kizima. Akauliza kama naweza kuchora.

Nikasema nimesomea.

Akataka kujua mfuniko utakuwa wa namna gani. Hapo hata sikuogopa. Nimemweleza kwamba mifuniko, kama mapaa, ndiyo inayowaponza wengi.