Paji la Uso Lilibaki Mkononi Mwangu

Marafiki wa kwaya, nimeaibika leo mchana kweupe, na kabla hamjasikia kwa wengine, afadhali mnisikie mimi mwenyewe.

Nilikuwa naanza kazi ya kutunza mzee mpya huku Germantown, Marekani. Ajensi iliyoniajiri ilishanionya: familia mbili zimelalamika kwamba nina maneno mengi (mimi!), na ya tatu ikilalamika, nirudishe beji ya kazi. Kwa hiyo asubuhi yote nilitulia kama maji mtungini.

Mzee ni Mkanada, mwigizaji mstaafu, anaishi peke yake, na moyo wake unamsumbua. Akaniambia kwa adabu, "Nina maongezi kidogo kwenye kompyuta. Nitafunga mlango." Nikasema sawa, nikaenda jikoni kupasha supu.

Supu haijachemka, nasikia: "Hewa imeisha! Niacheni hapa! Nakufa!"

Jamani. Mzee wa moyo. Siku ya kwanza!

Nikatupa mwiko, nikaingia bila kubisha. Amelegea kitini, uso wa kijivu, na paji la uso limeota manundu makubwa kama viazi. Nilikuwa nimemwacha na uso wa kawaida! Kwenye mafunzo walitufundisha dalili za kiharusi. Manundu hawakufundisha. Kwa sisi watu wa mkesha wa maombi kila Ijumaa, jambo lilikuwa wazi: ni pepo. (Ndiyo, simu ya dharura ningepiga. Baada ya amina.)

Nikamwekea mkono. "Toka! Kwa jina la Yesu, mwachie huyu mzee wa watu, toka!" Ile sauti ya mkesha, si ya ndani ya nyumba. Nikabonyeza, nikatikisa.

Yakatoka.

Paji lote la uso lilibaki mkononi mwangu, laini, linanata kwa gundi. Nilipiga yowe mpaka jirani akagonga ukuta. Mzee akafumbua jicho moja. "Ni mpira tu," akasema, akanionyesha kompyuta.

Kumbe yuko hewani na mashabiki! Miaka na miaka ameigiza kwenye tamthilia za anga za mbali kule kwao Kanada. Kila mara ni kiumbe wa sayari fulani, uso umefunikwa, na kila mara anakufa kabla ya mwisho. Leo mashabiki walimwomba arudie kifo wanachokipenda zaidi. Mimi nikamfufua.

Maoni yalikuwa yanamiminika. Moja lilikuwa la Kiswahili: "Mama Wambui, c'est vous, ni wewe? Tunakuona huku Springfield! Amina!" Didier! Mkongomani wetu, mwimba besi wa kwaya. Mtu mzima vile, nani alijua anatazama mambo ya sayari?

Nikaanza kuvua beji mwenyewe. "Nisamehe. Nitawaambia ajensi walete mtu mwingine."

"Kwa nini?" Mzee alikuwa anafuta machozi ya kicheko. "Nimekufa mara nyingi sana kwenye kazi hii. Wenzangu huniruka na kuendelea kufyatua risasi. Wewe ndiye wa kwanza kuja kuniombea."

Akapigia ajensi palepale, akaomba nije na kesho. Nikakaa sakafuni, nikacheka huku nalia. Supu iliungua. Tulikula mkate.

Basi wanakwaya, Jumapili naomba msinicheke. Na mwenye wigi asije kuniomba nimwekee mkono.