Mafuta Nitayaona Mimi Kwanza

Jumatatu, 3 Februari
Siku ya tisa kwenye mtambo wa kuchimba mafuta, katikati ya Bahari ya Kaskazini. Kisima kimefika mita 2,700. Mafuta bado, lakini yapo. Nayasikia miguuni! Kazi yangu ni kusuuza chenga za mwamba zinazopanda na tope la kuchimbia. Nampelekea Åshild, mjiolojia wetu, naye anazimulika kwa taa ya zambarau. Zikiwaka, kuna mafuta. Kisima kikiwa kikavu, mkataba wangu umekwisha, na shemeji Gaute ameshaniwekea kazi kwenye vizimba vyake vya samoni: kuopoa samaki waliokufa. Ameninunulia hata mabuti. Thubutu!

Jumanne, 4 Februari
Mpango: kujipendekeza kwa wachimbaji, wakiona dalili waninong'oneze. Asubuhi nzima nimewasaidia kupaka grisi maungio ya mabomba. Mmoja ameniita mzee wa kazi. Nadhani hakuwa akinidhihaki.

Jumatano, 5 Februari
Zimewaka! Åshild alikuwa ametoka kula, nikaiwasha taa yake mimi mwenyewe. Chenga njano tupu! Nimekimbilia chumba cha chakula, nikatangaza. Makofi. Mkuu wa mtambo aliacha mkate wake na jibini la kahawia. Åshild akaomba mikono yangu, akaimulika. Ikawaka mpaka viwiko.

"Torgeir, ndugu yangu," akasema, "umegundua grisi."

Wamecheka mpaka wapishi. Wivu tu.

Jumamosi, 8 Februari
Uji wa mchele wa Jumamosi, bakuli tatu, mdalasini wa kutosha. Mita 2,940. Chenga zimewaka tena, na zinanuka mafuta. Mimi si wa kudanganywa mara mbili! Nimezisugua kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, mara nne, mpaka zikazima kabisa. Åshild amepelekewa chenga safi kama sahani. Nalala bingwa.

Jumapili, 9 Februari
Kumbe tangu Jumatano Åshild anajichotea chenga zake mwenyewe. Tusi hilo! Zimewaka. Mafuta, mafuta ya kweli. Watu wazima wamekumbatiana. Mkuu ametangaza kwamba timu inabaki kwa kisima kijacho, na mimi nikapiga makofi kuliko wote. Kisha akanigeukia.

"Wewe hapana. Helikopta inaondoka saa nane."

Åshild amenipa mkono, akasema pole, na alimaanisha. Nimeumia, sifichi.

Jumatano, 12 Februari
Mabuti ya Gaute yananibana. Lakini kuna jambo. Taa ya akiba ya Åshild, ya zambarau vilevile, nimeikuta begini mwangu, sijui iliingiaje. Leo nimemulika ndoo ya samoni wafu. Wanametameta kichwa hadi mkia! Gaute anasema ni mafuta ya chakula anachowalisha. Yeye anajua nini kuhusu mafuta! Nimeshamwandikia Åshild alete mtambo. Nimemhakikishia kwamba safari hii nimenawa mikono.