Mrija wa Heshima wa Festus Wepukhulu

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mheshimiwa ambaye hakuweza kufika, waheshimiwa mliofika bila kuwakilisha mtu, wachungaji wa madhehebu yote, machifu na manaibu wao, wazee wa vijiji kutoka Bungoma hadi Kitale, kina mama mlioketi juani, na wewe kijana wa spika, punguza hiyo sauti: hamjambo? (Hatujambo!) Hamjambo tena? (Hatujambo, lakini jua!)

Mimi, Mukhwana, Mwenyekiti wa Kamati ya Muda ya Kudumu ya Kuzuia Walioacha Pombe Wasiirudie, nimesimama hapa Kimilili kwa unyenyekevu mkubwa ambao wengi wameusifu, ili kuzindua kituo cha kisasa ambacho, kwa mujibu wa fremuweki tuliyoipitisha kwenye wekishopu ya Kitale, baada ya chai na kabla ya kuku, kitahakikisha kwamba asilimia mia moja ya walioacha pombe wameacha pombe. (Makofi. Mzee mmoja anauliza kituo kiko wapi.) Kiko nyuma ya pazia, mzee, tulia.

Wataalamu walitufundisha kwamba aliyeacha huangushwa na vitu vitatu: harufu ya pombe, marafiki wa zamani na vyombo vya kunywea. Kamati ikatafakari, ikajiuliza, vitu hivi vikiachwa vizurure ovyo vijijini, nani atavisimamia? Kwa hivyo tumevikusanya vyote mahali pamoja, monitaring iwe rahisi. Ndiyo maana mnaona chungu cha pombe ya busaa pale katikati, na wazee wamekizunguka na mirija yao ya kunywea tangu asubuhi. (Wazee wanapunga mikono.) Hao si walevi. Hao ni stekiholda.

Sasa namwita mnufaika wetu, Festus Wepukhulu. Simama, ndugu, usione haya. Huyu alikuwa akiokotwa kwenye mitaro ya Webuye, mke na watoto wakamhama. Leo anakamua ng'ombe wake, familia imerudi, na kanisani anaimba besi. Ni nani amemsaidia? (Sauti ya mwanamke: "Ni Chepngeno!") Ni Kamati! ("Ni Chepngeno, jirani yetu! Kila jioni anakuja kukaa na yeye mpaka ile hamu iishe. Wewe tumekuona leo!") Mama Nekesa, mke wa Festus, asante kwa mchango wako, utajibiwa kwa maandishi.

Festus, sisi watu wa huku hatumheshimu mtu kwa karatasi. Mwanamume akikubalika, wazee humpa mrija wake na nafasi yake chunguni. Kamati imekutengenezea wako, mrefu kuliko wa chifu. (Chifu anakohoa.) Pokea, uvute mara moja tu, ya kuaga. Mpiga picha anataka picha ya kabla na ya baadaye, na ile ya kabla tulisahau kuipiga. (Festus anaupokea, anaushika mbali na mwili kama nyoka.) Hiyo ni furaha, wananchi. (Nekesa: "Mheshimiwa, si umuache bana! Akivuta hiyo moja, mimi na watoto tunarudi kwetu Cheptais, na hii mara siji tena!") Mama, usilete siasa kwenye maendeleo.

(Festus anaulaza mrija mbele ya viatu vya Mwenyekiti. "Mimi najijua," anasema. "Nikionja moja, nyumbani sifiki." Anamshika mkewe mkono, Chepngeno anainuka kutoka umatini, na wote watatu wanaondoka.)

Makofi kwa Festus! Mmeshuhudia wenyewe mgonjwa wa kwanza kuruhusiwa kutoka kituoni akiwa amepona. Katibu, andika.

Semeni nami: Kurudia? (Hapana!) Kamati? (Kina mama wanahamia kivulini.) Kituo? (Kiko wapi?)

Mwisho ni shukrani. Mama Jepkosgei, asante kwa kutuazima baa yako, viti, chungu, na hiyo shuka tuliyofanya pazia, ambayo najua unaihitaji kabla wateja wa jioni hawajaanza kuingia. Itoe tu, mama. (Shuka inatolewa. Nyuma yake kuna ukuta wa baa.) Kituo chenyewe tutakitafutia kiwanja, mara tu tutakapokubaliana kama ni Bungoma au Kitale.

Sasa naona mrija wa Festus umebaki hapa bila mwenyewe, na mali ya umma haiwezi kulala chini. Wazee, sogeeni kidogo. Nitavuta kwa niaba yake.