Wasikilizaji Wasiobanduka

Jumatatu, 3 Machi

Niwie radhi, shajara yangu. Tangu nikabidhiwe programu ya kuwaita wagonjwa hapa kliniki, sijakuandikia neno. Mkono wenye hofu hauandiki vizuri.

Programu yenyewe ni nyepesi. Mpokezi anabonyeza, tukio linapita kwenye mkondo, msikilizaji, yaani kijiprogramu kinachongoja taarifa, analipokea, kipaza sauti kinaita: anayefuata, chumba cha meno. Asubuhi kilimwita kila mgonjwa mara mbili. Mchana kiliita mfululizo, benchi zima likainuka na kusongamana mlangoni kwa daktari wa meno. Sababu naijua sasa. Kila ukurasa unapofunguliwa, msikilizaji mpya anaandikishwa. Ukifungwa, wa zamani habanduki. Mpangaji asiyehama!

Mwenzangu Miwani, rika la binti yangu, alisema niwaondoe tu ukurasa unapofungwa. Nilimjibu kwamba nalijua hilo. Sikulijua. Ijumaa Mkurugenzi anaamua nani aongoze kitengo cha kompyuta, mimi au yeye. Nikionekana nafundishwa naye, nimekwisha.

Jumanne, 4 Machi

Mbinu! Wasikilizaji wabaki walipo. Mbele ya kipaza sauti nimeweka kichujio: mwito ukifanana na uliotangulia, utupwe. Kelele zimekoma. Miwani aliuliza itakuwaje wagonjwa wawili wakifuatana kwenda chumba kimoja. Nilicheka. Kicheko kilitoka chembamba.

Jumatano, 5 Machi

Wakafuatana. Wa pili alikuwa mamamkwe.

Alikuja kung'olewa jino. Aliyemtangulia aliitwa chumba cha meno. Mwito wa mamamkwe, kwa kuwa ulifanana, ukatupwa. Baada yake hakuja mgonjwa mwingine. Alikaa benchini hadi kliniki ikafungwa, shavu limeumuka. Mimi nilipita mlango wa wafagiaji, nimeinama, viatu mkononi.

Nyumbani mke wangu alinifikishia ujumbe wa mama yake bila kuniangalia usoni: "Mwambie mumeo, hata jino lenyewe limechoka kumsubiri."

Sikula. Naogopa kesho atarudi. Naogopa zaidi asiporudi.

Alhamisi, 6 Machi

Alirudi. Nimeondoa kichujio, nikatia namba ya tiketi katika kila mwito, ili unaojirudia utambulike na kutupwa, wa kweli upite. Mgonjwa wa kwanza hakuwa na tiketi. Kosa moja tu, na mkondo mzima ukafa, maana mkondo ukishapatwa na kosa haufufuki wenyewe. Kipaza sauti kimya. Nikaamuru mkondo uanze upya kila unapoanguka. Ukaanza, ukamkuta mgonjwa yule yule asiye na tiketi, ukaanguka. Ukaanza tena. Mashine kuu ikalemewa, kompyuta zote zikaganda, hata ya duka la dawa.

Daktari wa meno alitoka na glavu zake akawa anaita watu kwa mdomo. Miwani alimshika mamamkwe mkono, akampeleka kitini. Mkurugenzi alisimama nyuma yangu, akaandika kitu kwenye daftari lake, akaondoka. Heri angefoka.

Ijumaa, 7 Machi

Niliitwa. Miwani alikuwa ameshaketi. Alisema, kwa upole unaochoma, kwamba kosa ni dogo na lilishawahi kumpata hata yeye. Mkurugenzi alikunja mikono.

"Mzee, mimi sitaki maneno mengi. Kaa na mwenzako akuelekeze, ubaki kitengoni chini yake. Au nenda stoo ukapange mafaili."

Nyumbani mke wangu anasema nikae na Miwani. Mamamkwe, ambaye sasa anaweza kufungua kinywa, anasema stoo kunanifaa. Huko hakuna wa kuitwa.

Nimeomba siku mbili za kufikiri. Lakini akili inafanya kazi, kwani hawakuiona njia ya tatu: msikilizaji mmoja zaidi, wa kuwasikiliza wasikilizaji wengine na kuwanyamazisha! Nimeshamwandikisha kwa siri. Nimefungua ukurasa nimjaribu, nikaufunga, nikaufungua tena ili kuhakikisha. Sasa wako wawili, na wanakemeana.

Huenda watatu wakaelewana. Nikishaamua, shajara yangu, utakuwa wa kwanza kujua.